Kizibo cha Mskochi

Juzi, katika stoo ya hoteli ninakofanya kazi Dar es Salaam, chupa ilipasuka ndani ya katoni, na harufu ya samaki wa kubanika ikanirudisha kwetu Nyamisati. Msinicheke. Ilikuwa wiski ya Uskochi, ile yenye moshi, na mimi, binti wa nyumba ambamo hakuna aliyewahi kuonja kileo, niliitambua papo hapo.

Baba yangu aliendesha boti katika kambi ya wageni waliokuja kuvua kwa kujifurahisha. Wao walikunywa, yeye akatuletea chupa tupu, maana mama aliuza asali ya mikoko na chupa nzuri zilikuwa adimu. Mama alizisugua kwa majivu na ndimu mpaka mikono ikamwasha. Lakini kabla hajaanza, mimi nilikuwa nimeshazinusa zote. Wageni walimwambia baba kila moja imetoka wapi, nasi tukaziita kwa makabila yao. Mmarekani alinukia sukari iliyoungua, kama sufuria ya kashata. Mwairishi alikuwa mpole, wa nafaka mbichi. Mjapani alikuwa na udi kwa mbali, na bibi akamng'ang'ania awe wa marashi yake. Mskochi ndiye aliyetushinda: samaki wa moshi, na nyuma yake dawa ya vidonda ya zahanati. Mama alishikilia kwamba baba alimweka karibu na samaki ndani ya boti.

Basi dada yangu Hawa akaposwa na kijana wa Mtawanya, mtoto wa mwalimu wa madrasa. Tulifurahi na kuogopa kwa pamoja. Ilisemekana mwalimu huyo aliwahi kuvunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa kusikia tu kwamba mjomba wa binti analewa. Hawa alimpenda yule kijana hata chakula hakikupita.

Mama akaamua kuwapelekea asali, akaitia ndani ya Mskochi, aliyekuwa na umbo zuri kuliko wenzake. Lebo alishaikwangua, na kioo kiling'aa. Kizibo chake, kile laini cha gome la mti, alikisuuza tu.

Tulikwenda mimi na mama kwa bodaboda, chupa nimeipakata. Mwalimu alitukaribisha barazani, mkewe akiwa jikoni anatupikia chai. Akafungua chupa. Akanusa. Akakinusa tena kizibo, taratibu, kisha akamtazama mama.

"Baba Hawa bado yuko kambini?"

"Yuko, Mwalimu. Anaendesha boti."

"Na asali hii ya wapi?"

"Ya Kiongoroni, Mwalimu. Ya mikoko."

"Ina moshi kidogo."

"Warinaji hao," mama akasema, bila wasiwasi wowote. "Hawafukuzi nyuki bila moto."

Mwalimu akakigeuza kizibo vidoleni. Nasikia mpaka leo vikombe vikigongana kule jikoni.

"Moshi hauna neno, Mama Hawa," akasema. Kisha akakitia kile kizibo mfukoni mwa kanzu yake, na mkewe alipotokea na chai, akamwambia alete gunzi la muhindi, kizibo kimeharibika. Nilijua kabisa hakikuharibika. Nikadhani mzee wa watu amekipenda, nikamwonea huruma kwamba hana vitu vizuri kwake.

Kwetu si adabu kurudisha chombo cha watu kitupu. Baada ya siku chache Mskochi alirudi amejaa mafuta ya ufuta, gunzi mdomoni, na salamu kwamba waanze kupanga siku ya nikahi. Hawa alilia mpaka bibi akamfungulia yale marashi.

Jioni ile baada ya chupa kupasuka nilimpigia simu Hawa, ambaye sasa ana watoto wanne, nikamwuliza kama baba mkwe wake alizaliwa akiwa mwalimu.

"Baba mkwe?" akacheka. "Kabla ya kusoma dini alikuwa mpishi melini. Amezunguka dunia yule, ila hapendi kuyasimulia."

Alijua, basi. Alijua hata kabila la chupa. Akamtazama mama yangu, akaona mwanamke aliyechubuka mikono kwa majivu na ndimu, akakificha kizibo kabla mkewe hajakinusa.

Mama amefariki bila kujua. Mwalimu yu hai, mzee sana, na kila Idi hunipa mkono wa heri. Sijamwuliza, wala Hawa sijamwambia. Nimewaambia ninyi tu, nanyi kizibo hiki kitieni mfukoni.