Mapigo Manane ya Kunyamaza

Niliporudi Amu baada ya miaka mingi ya kupiga jazi katika mahoteli ya Mombasa, nilikuwa na tungo sita kichwani, na hata mmoja haukuwa na maneno. Watu waliniuliza maneno yako wapi. Nikiwajibu hayapo, walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyepika wali akasahau mchuzi.

Nilitaka kuzirekodi kabla mikono haijazeeka. Mwaka mzima sikuwa na raha, na sababu ilikuwa moja: nani wa kumwita kwa fidla. Harusini swali hilo ni jepesi. Unamwita anayejaza. Mwimbaji akivuta pumzi, fidla inaingia, kina mama wanainuka kututunza pesa, kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Lakini utungo ulioandikwa una mahali pake pa kunyamaza. Katika ule wa tatu, ninaoupenda kuliko yote, niliweka mapigo manane ambayo hakuna anayegusa chombo. Manane tu! Kila niliyemjaribu nilimfundisha utungo huo, kisha nikatega sikio hapo.

Rafiki yangu wa fidla hakuweza kupavuka kimya. Tulianza pamoja tukiwa vijana, yeye fidla, mimi udi, akapiga katika harusi yangu, kisha katika harusi za binti zangu. Siku hizi amehamia kwa mkewe, kijijini Chundwa, kisiwa cha jirani, analima, na akiitwa huvuka kuja mjini. Nilimjaribu mara tatu. Kila tukifika pigo la saba kidole kilimwasha, akatia nakshi ndogo tamu. Ilikuwa tamu kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Kimya kama hiki watu watadhani stima imepotea," aliniambia.

Sikucheka. Niliona anauchezea utungo wangu.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke kutoka bara, aliyejifunza fidla kanisani kwao. Alisoma nota zangu bila kuuliza. Mkono wake ulikuwa mkavu kidogo, sikatai, lakini ilipofika zamu ya kimya aliteremsha upinde mapajani akangoja, akaingia palepale nilipotaka. Nilimchagua siku ile ile.

Baada ya hapo sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Kumwacha nje ya albamu mtu niliyezeeka naye ni kumwambia kwamba miaka yote ile ilikuwa ya harusini tu. Niliogopa kumpoteza. Nilitembea kutoka Mkomani hadi Langoni nikarudi, chai ikapoa, nikatoka tena. Mke wangu alichoka.

"Keti kitako au toka," akasema. "Wanizungusha kitwa."

Nikatoka. Nilipanda boti hadi Mtangawanda, nikachukua bodaboda mpaka Chundwa, njia nzima nikijifunza maneno ya kusema kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura. Nilimkuta barazani akipepeta ufuta.

"Umekuya ghafula. Kuna kheri?"

"Kheri. Nimekuya kukwambia neno, na neno lenyewe halina ndia nzuri."

"Wataka kunambia sipiji."

Aliendelea kupepeta, ungo haukuyumba. Kisha akauliza, "Na udi, atapija nani?"

"Mimi."

Hapo akaweka ungo chini. "Mimi umenisikiza miaka yote hiyo. Nafsi yako umeisikiza lini? Hukutagua, umenitoa tu."

Ati sikuchagua! Nilikasirika. Nilikunywa kahawa yake kwa adabu, nikaaga, na katika boti nikajiambia kwamba ni kijicho. Urafiki umekwisha, nikasema, basi na uishe.

Tulirekodi asubuhi, katika chumba cha nyumba ya kale yenye kuta nene, magodoro yametundikwa kila upande. Punda akilia nje tulisimama, tukaanza tena. Utungo wa tatu ulikwenda vizuri mpaka mwisho. Fundi wa mitambo akaturudishia tusikilize. Tulipofika kwenye kimya, nikasikia ting, kisha ting nyingine.

"Nani huyo?" nikafoka.

Tukarekodi mara ya pili, na ya tatu, na kila mara ilikuwepo. Mwalimu akanitazama kwa heshima iliyoniumiza.

"Pole, mzee," akasema. "Hapo si tulisema tunanyamaza?"

Ilikuwa udi. Wallahi sikujua kama nimepiga. Nilijaribu tena nikiwa nimekaza taya, macho kwenye vidole vyangu mwenyewe, na pigo la saba kidole kikaruka, mahali pale pale pa rafiki yangu, nakshi ile ile. Nyani haoni kundule. Tulijifunza wawili katika harusi zile zile, tukaambukizana, na mimi nikavuka bahari kwenda kumwambia kwamba ugonjwa ni wake.

Niliegemeza udi ukutani, nikatoka uani. Aibu ilinishika. Nikampigia simu. Nilidhani hatapokea. Alipokea, na hakungoja salamu.

"Ehe," akasema. "Wa udi umemtagua nani?"

"Sina bado," nikamwambia. "Nisaidie kutafuta."