Kura ya Mhina

Mhina wa Kwedizinga ni mkulima wa mahindi na machungwa, mcheshi, msikitini hakosi, na hana ugomvi na mtu. Ila ana kijicho. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu tumepakana ua miaka ishirini, na kijicho chake chote kilikuwa cha mtu mmoja: Sharifu.

Mhina na Sharifu walitiwa jandoni siku moja, wakalala mkeka mmoja mpaka wakapona. Kwetu watu wa namna hiyo hawanyimani kitu. Wanaitana "mgosi" hata wakiota mvi, na mmoja akiomba, mwenzake hutoa kwanza, maswali baadaye. Lakini Sharifu alihamia Korogwe, akafungua mashine ya kukoboa, akaenda Maka, akaezeka nyumba kwa bati za msauzi. Hata michungwa waliyopanda pamoja, ya Sharifu ilizaa, ya Mhina ikanyauka.

"Mti nao unajua wa kumpenda," Mhina aliniambia siku moja, na hakuwa anatania.

Mwaka jana mbunge wetu akatangaza kwamba hagombei tena. Kiti kikabaki wazi, fomu zikagombaniwa kama sukari ya mgawo. Sharifu naye akachukua, kisha akaja moja kwa moja kwa Mhina.

"Mgosi, wajumbe wa chama wa hapa unawajua wote. Kuwa wakala wangu. Na kura yako nishaitia mfukoni."

"Hilo nalo la kuomba?" Mhina akajibu, akicheka kwa meno tu.

Siku ya kura za maoni tulikusanyika wajumbe thelathini na wanane katika darasa la nne. Mhina alivaa kanzu nyeupe aliyoletewa na Sharifu kutoka Maka. Yaliyotokea nyuma ya pazia alikuja kumwambia mkewe Zuena, na Zuena hana siri kwangu. Kalamu ilishafika kwenye jina la Sharifu. Ndipo akawaza: huyu ataitwa mheshimiwa, na mimi nitampigia makofi mpaka naingia kaburini. Wenzangu wote watampa, yangu moja itapunguza nini? Akatia tiki jina la chini yake.

Msimamizi akahesabu, akasoma. Sharifu, sifuri. Kura zilizoharibika, hakuna.

Kumbe kila mmoja alidhani wenzake watampa. Na mimi nimo: mke wa Sharifu, Yusra, alinipita sokoni Korogwe na bangili zake bila hata salamu, nikaweka kinyongo. Niliona aibu, lakini mimi sikuwa nimemwahidi mtu. Mhina aliahidi, na ni yeye, kama wakala, aliyepaswa kusaini karatasi ya matokeo. Akasaini.

Simu yake ikaita hapo hapo. Ni simu ambayo akiongea nayo tunasikia wote.

"Mgosi, nyumbani wamenipa ngapi?"

"Hazikutosha."

"Ngapi?"

"Hakuna."

Sharifu akauliza taratibu, kama mtu anayemnyooshea mwenzake mkono matopeni. "Ya kwako iliharibika, siyo?"

"Iliharibika," akasema Mhina.

Nakala ya matokeo ilibandikwa mlangoni pa darasa. Wiki ile ile Sharifu alipita, akasimama, akaisoma mpaka mstari wa mwisho, ule wa kura zilizoharibika, akapanda gari lake akaondoka.

Kata nyingine zilimbeba, na baada ya uchaguzi mkuu akawa mbunge. Alipokuja kutushukuru, Mhina aliwahi kiti cha mbele, amevaa kanzu ile ile, imepigwa pasi. Tangu asubuhi alikuwa akinijia uani kuniuliza kama inamkaa vizuri. Mheshimiwa akaanza kutupa mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa Mhina, aliupokea mkono wake kwa mikono miwili, akainama kwa heshima.

"Shukrani, Mzee Mhina," akasema. "Kanzu bado inakupendeza."

Akampita. Nyuma yetu alisimama Sadala, mfyatua matofali, mtu ambaye hata mjumbe si mjumbe. Mheshimiwa alipomwona akaangua kicheko, akatanua mikono.

"Mgosi! Bado upo?"

Wakakumbatiana, matope ya matofali yakaingia kwenye suti. Mhina alitazama mpaka walipoachana.

Siku hizi Mhina hamtaji Sharifu kabisa. Ukikaa naye barazani, anamsema Sadala.