Vipande Vitatu Kando ya Kichuguu

Niliporudi Michenga nilimkuta mama amehamia uani. Nguzo za baraza la mbele zilikuwa zimeliwa na mchwa, paa limeinama, na majirani walimkataza kukaa chini yake. Mtu aliyezoea kusalimiana na kila anayepita na baiskeli ya mpunga sasa alikuwa akitazama ukuta wa choo.

"Nawasikia tu," aliniambia. "Wengine hata sauti zao zimenipotea."

Nilitaka kubadilisha nguzo zile ndani ya wiki moja, kisha niondoke. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali misimu miwili. Nimekata miwa, nimebeba magunia stesheni ya Mlimba, nimepiga makasia Kivukoni kabla daraja halijajengwa. Kila nilipofika nilitaka kujua kilichoko mbele kidogo.

Nikaenda Ifakara nikachagua nguzo nne za mtiki, zimenyooka vizuri. Fundi seremala aliziona kwenye mkokoteni akacheka.

"Kaka, hii nyumba ya mama au kibanda cha chipsi?"

"Mtiki huo, fundi."

"Mtiki mtoto! Ona nyeupe yote hii. Mchwa watakula huku wanakushukuru. Moyo wa mti wenyewe hauzidi kidole gumba."

Zile nguzo tukaegemezea paa kwa muda. Mama akasema safari hii tufanye kama alivyofanya marehemu baba alipojenga. Baba hakuamini jina la mti wala mdomo wa muuzaji. Alichukua kipande cha kila mti, akakifukia nusu kando ya kichuguu, akangoja mvua zote zipite. Kilichobaki ndicho alichojengea.

"Mvua zote, mama?"

"Kwani unawahi treni?"

Nikafukia vitatu: mtiki wangu, mkaratusi wa jirani, na moyo wa mninga aliotupatia fundi. Kila Jumapili, mama akitoka misani, nilikwenda kuvifukua na kumletea habari. Tulikunywa chai jikoni, mvua ikipiga bati, naye akinisimulia jinsi baba alivyonusa mbao kabla ya kuipiga randa, na jinsi alivyogombana na wapasua mbao. Baba alifariki nikiwa mbali. Nilimfahamu pale, kidogo kidogo, Jumapili hadi Jumapili.

Mvua zilipokatika, mtiki niliuminya ukabomoka. Mkaratusi ulikuwa umeliwa nusu. Mninga ulikuwa na tope tu. Fundi akachonga nguzo nne za mninga, tukazipaka oili chafu, tukazisimamisha juu ya mawe ili zisiguse udongo.

Mama akarudi mbele. Siku ya kwanza alisalimia watu mpaka sauti ikamkauka. Jioni akasema, bila kunitazama, "Fremu ya mlango wa jikoni nayo imeanza kuliwa. Tungefukia vipande vingine."

Nilielewa alichokuwa akiomba. Lakini miguu ilikuwa inaniwasha kuondoka.

"Nitarudi kuiangalia, mama."

Siku ya tatu nilikuwa Mlimba, na bado niko huku. Jumapili mvua ikinyesha huwa nakaa ndani, mikono haina la kufanya. Juzi nilimpigia simu nikamuuliza habari ya ile fremu. Nilikuwa tayari nimeulizia nauli ya kurudi.

"Fundi ameshaibadilisha, baba," alisema. "Kazi ya siku moja tu."