Baina ya Kisima na Jiko

Kesho Bi Mwanakhamis anahamia Riyadh kwa mwanawe Jabir, mwenye duka la vitambaa huko mtaa wa Al-Dirah. Hataki kuondoka Jeddah kabla hajapaona pahala kilipozikwa kitovu chake. Hilo tu, hakuomba jengine.

Wazee wake walitoka Unguja mwaka 1964, wakafika Jeddah hawana kitu. Tajiri mmoja wa buni akawapa hifadhi kwenye nyumba yake kubwa ya shamba, nje ya mji, na humo ndimo alimozaliwa Mwanakhamis mwaka uliofuata. Mama yake akakifukia kitovu uani, kama wafanyavyo kwao. Mpaka anakufa alikuwa akisema, "Kipo baina ya kisima na mlango wa jiko." Miaka yote ya kuishi mtaa wa Ruwais, humo humo Jeddah, kila Mwanakhamis akienda kutengeneza ikama, kibali chake cha ukaazi, na akiulizwa kwao wapi, hujibu Unguja, ambako hajawahi kukanyaga. Moyoni husema: kwetu ni pale kisimani.

Nyumba ilikaa imefungwa miaka mingi. Sasa imekarabatiwa, mji umeizunguka, na watu wanakata tiketi kuitembelea. Lakini huruhusiwi kwenda utakako. Lazima umfuate mwongoza wageni. Huyu wa leo ni kijana anaitwa Usama, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na haraka hana. Ameeleza mlango wa msaji. Ameeleza misumari ya mlango. Ameeleza roshani za mbao, moja moja.

"Mwanangu, uani tunakwenda lini?" Bi Mwanakhamis alimwuliza kwa Kiarabu.

"Mwisho, khala, mama yangu. Historia ina mpangilio wake."

"Yangu iko uani."

Watu wakacheka. Usama naye akacheka, kisha akapanda ghorofani.

"Mama, si ukae hapa chini umngoje?" alisema Jabir, aliyekuja kumchukua. "Magoti yako hayo."

"Nikae nifungiwe mlango? Pita mbele huko."

"Na friji lako bado hatujalifunga."

"Friji lina miguu, litakimbia?"

Walipofika uani hatimaye, alikiona kisima mara moja, kimefunikwa kioo na kuzungushiwa kamba. Akageuka kuutafuta mlango wa jiko. Ukuta mtupu, umepakwa chokaa.

"Jiko liko wapi?"

"Lipi, khala?" alisema Usama. "Yalikuwa mawili. La wenyewe upande ule, la wageni upande huu. Yote yalishabomoka kabla ya ukarabati."

Bi Mwanakhamis alimtazama kama mtu aliyetiwa kidole jichoni.

"Mawili?"

"Mawili. Nyumba kubwa hii."

"Basi ni la wageni," Jabir alimnong'oneza mama yake kwa Kiswahili. "Bibi si alikuwa mgeni?"

"Alikuwa mgeni, lakini akipika kwa wenyewe. Biriani la Ijumaa nani akilipika, kama si yeye?" Amepanda ngazi, amesikiliza habari za misumari, na sasa anarudi na kidogo kuliko alichokuja nacho. "Bora nisingekuja."

"Yalla, Mama, twende. Umeshapaona, halas."

"Nimepaona wapi? Hebu nenda kasimame kule, kwenye jiko la wenyewe."

"Nikafanye nini?"

"Usimame. Na viatu uvue."

"Mama, watu wanatazama!"

"Na watazame. Wewe si damu yangu? Mie nasimama huku kwa wageni, mmoja wetu atakikanyaga."

Jabir, mtu mzima na kitambi chake, akavua viatu, akaruka kamba, akasimama upande ule wa kisima. Mama yake akavua ndara, akainama chini ya kamba, akasimama upande huu. Jua lilikuwa la saa saba na mawe yalikuwa yanachoma.

"Khala! Hapo mamnu, hairuhusiwi!" Usama alipiga kelele.

"Ngoja!" alimjibu bila kumtazama, kisha akapaza sauti juu ya kisima. "Jabir, unahisi chochote?"

"Nyayo zinaungua."

"Mie pia," alisema Bi Mwanakhamis kwa hasira, wala hakutoka.