Nondo ya Tatu Juu ya Benchi la Kwaya

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Migori, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikupewa nyundo wala spana. Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alinipa waya mnene. "Sukuma ncha zote mbili." Nikasukuma, waya ukapinda. "Sasa vuta." Nikavuta mpaka jasho likanitoka, wala haukusogea. "Omera, ndugu yangu, umemaliza shule," akasema. "Nenda ukafagie."

Vijana wa leo mnapenda chuma kinene. Sisi tulitumia nondo nyembamba mahali kitu kinapotaka kuachana na mwenzake, kwa sababu kazi ya nondo ya namna hiyo ni kuvutwa tu. Kule Masara, fremu ya mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ilishikwa na nondo nne zenye nati kila ncha. Mashine ile ilitetemeka kutwa, na mtetemo hulegeza nati, kwa hiyo tulifunga nati ya pili juu ya ya kwanza ili ziminyane. Asiyeweka ya pili alitukanwa mbele ya watu, na mimi nilitukanwa sana.

Kisha nikahamishiwa Homa Bay, na Msimamizi akaja huko huko. Hapo ndipo lilipotufikia jambo la kanisa moja la Wasabato karibu na Rangwe. Mchwa walikuwa wamekula boriti za chini za paa, zile zinazounganisha ukuta na ukuta. Paa likawa linasukuma kuta nje. Tuliteremsha timazi kutoka juu ya ukuta wa kushoto. Chini, uzi ukasimama mbali na ukuta kwa vidole vitatu. Chini ya ukuta huo lilikuwapo benchi la kwaya, na kwenye benchi hilo, kila Sabato, aliketi mke wangu. Yeye Msabato, mimi Mkatoliki. Niliogopa, sitaficha.

Tulipitisha nondo tatu kutoka ukuta hadi ukuta, na nje tukaweka sahani za chuma na nati. Ijumaa mchana tukaning'iniza makarai ya makaa chini ya nondo. Chuma kikipata moto hurefuka. Ukikaza nati kikiwa moto, kikipoa kinajivuta na kuta zinakuja nacho. Mzee wa kanisa alisimama mlangoni akilitazama jua, maana Sabato huanza likizama.

"Moto uzimwe kabla halijazama," akasema. "Na hicho chuma kikivuta baadaye, si kitakuwa kinafanya kazi Sabato?"

"Jaduong', mzee wetu, kinapoa tu," Msimamizi akamjibu. "Hata uji wako hupoa Sabato."

Mzee akacheka bila kutaka. Tukakaza, tukatoa makaa, tukaacha magogo yameegemea ukuta. Msimamizi akafunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni: ukuta usiporudi, hakuna atakayeingia.

Nyumbani nilimsihi mke wangu abaki, walau wiki hiyo. "Kwani hiyo kazi umefanya wewe au jirani?" akaniuliza. "Nitakaa mahali pangu." Lo, mwanamke yule!

Asubuhi waumini walikuwa wamejaa uani na wingu la mvua limetanda. Timazi ikaonyesha kidole kimoja. Msimamizi akaingia akazigonga nondo kwa nyundo, maana nondo iliyokazika hulia na iliyolegea hunung'unika. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu, juu ya benchi la kwaya, ikatoa sauti nzito.

"Nusu mzunguko wa nati," Msimamizi akasema. "La sivyo nafunga mlango."

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa. "Leo hakuna spana."

Mke wangu akajitokeza katikati ya wanakwaya, akaninyooshea kidole. "Huyu ni Mkatoliki. Sabato yake ni kesho."

Watu waliangua kicheko. Mzee akageuka kuangalia milima, akaiangalia kwa muda wa kutosha. Nikapanda ngazi, nikakaza ile nati na kufunga ya pili juu yake. Msimamizi akagonga tena. Ikalia. Mke wangu akapita bila kunitazama, akakaa pale pale, na kwaya ikaanza kabla ya mvua.

Nilistaafu nikiwa na magoti mabovu na spana zangu mwenyewe. Msimamizi ametangulia mbele ya haki. Nimefunga nondo nyingi kuliko nitakazokumbuka, lakini ninayoitembelea ni moja. Kila Jumamosi naongozana na mke wangu kanisani, na watu huniuliza kama nimebatizwa. Wapi! Kabla ya ibada nachukua mti mrefu na kuigonga nondo ya tatu, huku yeye akitandika kanga yake kwenye benchi lile lile.

"Imelegea?" ananiuliza.

"Bado."

"Basi kaa, mzee. Tunaanza."