Chupa Niliyoibeba Mgongoni

Nilianza kazi ya kusafisha picha mjini Kasulu miaka ya sabini, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba dawa ina maringo kuliko bwana harusi. Ndani yake mna metoli, inayochora sura, na haidrokwinoni, inayoleta weusi. Ikipata baridi, haidrokwinoni hugoma kazi, na asubuhi za Juni kwetu baridi haina adabu. Tajiri wangu, mtu wa Tanga aliyevaa makoti mawili kwa baridi yetu, aliwahi kuipasha dawa jikoni. Ikazidi moto, mkanda wa picha ukababuka ngozi, harusi ya watu ikaenda na maji. Basi akanipa chupa na kitenge. Kila asubuhi niliibeba mgongoni mpaka ipate joto langu.

Tangu watu wahamishiwe vijijini na nyumba kubanana, umbea ulikuwa hauchoki njiani. Makere, kijijini kwetu, wakasikia nimezaa. Baba akapanda lori, fimbo mkononi.

Alinikuta mlangoni pa studio.

"We binti, huyo wa nani?"

"Ni dawa, baba."

"Dawa inabebwa?"

Nikafungua kitenge. Nililia kwa hasira, maana sikuwa hata na mchumba wa kusingiziwa. Baba alifoka weee, kisha akainusa chupa, akapiga chafya. Akaamuru tupigwe picha, yeye, mimi na chupa yangu, akawafunge watu midomo. Na aipate kabla lori halijamaliza kupakia.

Tajiri akapiga, nikakimbilia chumba cha giza. Chupa ilikuwa imepoa kabisa wakati baba akifoka. Nilijua, ila lori lilikuwa linapiga honi. Metoli ikafanya kazi peke yake. Picha ikatoka ya kijivu: baba, mimi, na kifuani pangu kitu kisichoeleweka, kimezungushiwa kitenge. Hata mimi ningeapa ni mtoto. Nilimpa baba kwa aibu, akaondoka nayo mbichi, ameishika kwa ncha za vidole.

Yaliyofuata alinisimulia mama. Majirani waliipokezana ile picha, wakaguna. Mmoja akauliza, "Sasa hicho alichokumbatia ni nini?"

Baba akamnyang'anya.

"Kazi yake," akasema. "Nanyi nendeni mkatafute zenu."