Maneno ya Upande wa Nyuma

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha vibao vya njia za mlimani, Mkuu wa Njia hakunipa brashi. Alinitwika ubao wa mwerezi langoni, upande wa Naro Moru, akanipandisha nao hadi juu ya msitu, mahali njia inapogawanyika. Nilifika nikitweta, nikidhani nitachonga mshale mmoja kisha niende nyumbani. Yeye akaugeuza ubao.

"Anza na nyuma," akasema. "Mwenye anapanda ako na nguvu, ako na guide. Mwenye anashuka ako na magoti tu, na haraka ya chai. Huyo ndiye atapotea."

Ndivyo kikosi chetu kilivyofanya kazi: upande wa nyuma ulichongwa kwanza, tena kwa herufi kubwa zaidi. Tulitumia patasi kabla ya kupaka rangi, ili rangi ikibanduka maneno yabaki. Rangi yenyewe ilikuwa ya manjano, kwa sababu nyeupe humezwa na ukungu. Mguu wa nguzo tuliupaka oili chafu ya gari usioze, tukaushindilia mawe, maana tembo na nyati hupenda kujikuna hapo. Kwenye njia panda ile nilichonga: USIFUATE MTO. SHIKA KUSHOTO. Bonde la mto linaonekana rahisi kushuka, kumbe linaishia kwenye genge. Baadaye nilihamishiwa lango la Sirimon, kisha la Chogoria, na wakuu wakabadilika, lakini nilirudi kila mwaka kuipaka nguzo ile rangi upya. Nilijiona ndiye mwenye mlima.

Basi akaja Kendi, afisa wa habari za kidijitali, binti wa Chogoria ambaye mkoba wake haukuwa na hata msumari. Alitengeneza ramani ya simu inayofanya kazi hata pasipo na mtandao, na vibandiko vya kuskani pale langoni ili kuipata. Mkuu wa wakati huo alimsifu mbele ya kikosi kizima, akamwita macho ya mlima. Mimi niliyezeekea huko juu hakuna aliyewahi kuniita hata ukucha wake. Nilimwonea wivu, sifichi. Niliomba baridi imalize betri zote. Nyumbani Kiganjo mke wangu alinicheka, akasema, "Baba Wanjiru, wanaume wengine wanaonea wivu mabibi zao. Wewe ati ni simu."

Kisha tembo akaing'oa nguzo yangu. Kabla hatujapata habari, walimu wawili wa kutoka Nyeri walishuka kwenye ukungu wakaingia njia ya mtoni. Simu ikalia kuwaonya, wakageuka. Walipofika langoni walimkumbatia Kendi. Nilifurahi kwamba wako hai, na nilitamani kukumbatiwa mimi. Nguzo nyingine haikusimikwa pale, nami nikastaafu mwaka uleule.

Sikutarajia kumwona Kendi tena, lakini alikuja hadi nyumbani, akanywa chai, akaeleza shida yake. Wale walimu walikaribia kuipuuza simu, wakidhani ni ujumbe tu umeingia.

"Mzee, mtu akishuka haangalii simu, mikono iko na fimbo," akasema. "Nataka asikie mtu. Tulijaribu sauti yangu, wapandaji wakasema nawabembeleza."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Sema tu yenye ulikuwa unaandika nyuma."

Nilitaka kukataa. Mke wangu akanitazama, nikasema maneno yale kwa ukali ambao Mkuu wangu wa kwanza alikuwa akinifokea nao, na Kendi akayarekodi.

Nyinyi vijana wa kikosi mnaoanza kazi hii leo mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na sitawadanganya kwamba zamani kulikuwa bora. Mkumbukeni tu anayeshuka. Magoti yangu sasa hayafiki hata langoni. Juzi nilikuwa dukani nikiuliza maziwa, kijana mwenye buti zenye matope akageuka, akaniuliza kama mimi ndiye mzee wa kwenye simu. Akasema huyo mzee ni mkali, lakini kwenye ukungu walimtii wote, wakashika kushoto.

Nilimshukuru, nikachukua maziwa yangu. Wivu wangu kwa Kendi umekwisha. Sasa namwonea wivu yule mzee wa kwenye simu, maana yeye kila asubuhi anapandishwa mlimani, na mimi naachwa hapa Kiganjo.